Mchanga wa Bure

Wewe unayesikiliza, umewahi kulala katika nyumba ambayo sakafu yake inatoroka? Si kwamba nyumba inaanguka, hapana. Nyumba imesimama, bati liko juu, mlango uko mahali pake, ila ardhi ya ndani inaondoka na mvua. Asubuhi unakuta kitanda kimeinama kama mlevi, na chini ya ukuta wa upande wa bonde kuna tundu ambalo kuku anapita bila kuinamisha kichwa.

Eulalie aliishi hivyo, kwenye mteremko ulio nyuma ya soko la Nyawera, tangu mume wake alipozikwa. Alikuwa mbeba mizigo. Gunia mgongoni, kamba ya gunia kwenye paji la uso, shingo mbele. Anayebeba hivyo haujui mji kwa majumba yake, anaujua kwa mawe yake na viatu vya watu. Kamba ilikuwa imemwachia alama juu ya nyusi, ngozi laini inayong'aa kama mpini wa jembe la zamani. Jioni, mizigo ikiisha, aliomba udongo kwa watu wanaochimba misingi, akaupandisha nyumbani kidogo kidogo kuziba tundu. Mvua ikaja ikauchukua. Nyumba ile ilikula udongo kama mtoto mwenye minyoo anavyokula ugali: inashiba leo, kesho inalia tena.

Ndiyo maana siku ile Blanchard alipowaita, wanawake walifikiri Mungu ameukumbuka mteremko wao.

Blanchard alikuwa mkuu wa depo katika nyumba moja ya kununua madini, ile yenye mlango mkubwa wa chuma uliopakwa rangi ya buluu. Eulalie na wenzake ndio waliokuwa wakishusha coltan kutoka kwenye malori na kuiingiza ndani. Nyuma ya ua, chini ya turubai, kulikuwa na magunia mengine yaliyotengwa, kila moja limepigwa rangi nyekundu tumboni. Hayo hayakwenda popote. Yalipakiwa, yakafika mpakani, mashine ya pale ikalia, lori likageuza. Wanawake waliijua habari hiyo na haikuwatisha. Walidhani ni mashine ya ushuru, maana mpakani kila kinachochelewesha mtu ni cha ushuru.

"Bamaman," Blanchard akawaambia, "ile muchanga ya nyuma ni mabaki tu. Mwenye anataka abebe."

"Bei gani?" aliuliza Pascaline, rafiki wa Eulalie, mwanamke ambaye ulimi wake ulitangulia miguu.

"Bure."

"Chef, wewe? Hata jambo yako iko na bei."

Wanawake wakacheka, na Blanchard akacheka pamoja nao. Kisha akaingia ofisini, akafunga mlango, akawaangalia kupitia dirisha mpaka turubai likabaki limelala juu ya kimo cha magunia machache.

Mchanga ulikuwa mweusi, na mzito ajabu. Nusu gunia lilikunja shingo kama gunia zima la saruji. Lakini uzito huo ndio walioupenda: maji yanapita juu, wenyewe hautikisiki. Eulalie aliziba tundu kwanza. Halafu akaona ni uvivu kuacha kazi nusu, akaumwaga chumba kizima, akaushindilia kwa mchi, akapaka udongo mwekundu juu, akausugua kwa jiwe mpaka ukawa laini kama shavu. Mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi kitanda kilikuwa kimesimama sawa. Alikaa ukingoni mwake, miguu mitupu juu ya ile sakafu, na kwa muda mrefu hakufanya kazi yoyote.

Kwetu mtu hapokei zawadi akabaki na mikono mitupu. Wanawake wakachanga, wakanunua jogoo na dumu la kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo mgeni wa heshima hanyimwi, wakaenda kwa Blanchard wakiimba. Akapokea jogoo kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri. Akamwita karani wake atoe simu.

"Mucheke, bamaman. Picha bila meno haifae."

Wakacheka, meno yote nje. Eulalie alikuwa katikati, ndiye aliyeshika dumu.

Juu ya sakafu hiyo binti yake Rosette alijifungua. Kitanda kilikuwa chembamba, basi mzazi na mtoto wakalazwa chini, godoro karibu na jiko la mbabula ili joto la makaa liwafikie. Mtoto wakamwita Destin. Alinyonya vizuri. Alilala vizuri. Bibi yake aliposhuka kwenda kubeba, aliwaacha pale kwa moyo mweupe.

Maneno yalianzia sokoni, kama maneno yote.

"Banasema ile muchanga iko na moto ndani," Pascaline alimwambia, wamekaa juu ya magunia matupu wakimenya karanga. "Moto yenye haionekane."

"Moto gani haionekane?"

"Mi najua? Benye balisoma njo banajua. Na benye balisoma bananyamaza."

"Ni wivu. Batu ya chini ya mulima habakupata."

"Labda," alisema Pascaline. Lakini karanga zake hakuzimaliza.

Kisha akaja dada mmoja, Clémence, mtumishi wa ofisi ya serikali, kijana, buti miguuni, glavu mikononi, na kifaa cha kupimia, cha manjano, kinachotosha kwenye kiganja. Aliongozwa na papa Donatien, chef wa avenue, mkuu wa mtaa ule. Njiani kifaa kilikuwa kinatoa mlio mmoja mmoja, mdogo, kama mtu anayegonga ukucha kwenye meza. Mlangoni pa Eulalie milio ikakaribiana. Ndani ikawa kama punje za mahindi katika sufuria ya moto. Clémence akakishusha kuelekea chini, karibu na godoro, pale Rosette alipokuwa ananyonyesha. Hapo hapakuwa tena na punje. Ulikuwa mlio mmoja mrefu.

Akakizima.

"Juu ya nini unazima?" Eulalie akauliza.

"Batri, maman."

Donatien akakohoa, akatoka nje kuangalia bati. Clémence aliinama kama anayefunga kamba ya buti, ingawa buti zake hazikuwa na kamba. Akasema kwa sauti ndogo, bila kuinua macho, "Musimulaze mutoto chini." Kisha naye akatoka.

Eulalie akamfuata chef nyuma ya nyumba. "Papa Donatien, ile mashine imesema nini?"

"Imesema na mimi, haikusema na avenue muzima." Alimshika bega, kwa upole kabisa. "Sikia, maman. Nyumba yenye itaandikwa ni mubaya, banaivunja, na parcelle, kiwanja yote, inaenda kwa serikali. Unanisikia? Ukinyamaza, na miye nanyamaza. Na usitupe ile muchanga mu bonde. Iko amri. Atakayetupa atalala mu cachot ya polisi."

Hata bila amri asingetupa. Bondeni ndipo ilipo chemchemi, na mteremko mzima unachota pale.

Walimtandikia mtoto juu ya meza, ndani ya beseni la kufulia lililojazwa nguo. Rosette akalala kitandani na mama yake, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Lakini meza ilisimama juu ya sakafu ileile, na kitanda vilevile, na mbabula ambayo ugali uliivia. Eulalie alianza kuiogopa nyumba yake mwenyewe. Alitembea ndani yake kwa ncha za vidole. Chakula kikianguka chini aliwapa kuku, halafu akawatazama kuku kwa siku nzima. Hawakufa. Hilo nalo lilimtisha. Angewaona wanakufa, angalau angejua.

Asubuhi moja alichukua jembe, akachimba kona iliyo karibu na meza, akajaza gunia, akavaa kamba kwenye paji, akateremka mpaka kwenye mlango wa buluu. Mlinzi, Hervé, alimjua. Mara nyingi waligawana ndizi za kuchoma.

"Iko nini, maman Eulalie?"

"Mali yenu. Naleta mali yenu."

Hervé akaangalia gunia. Alipoona weusi uliokuwa unavuja kwenye mshono, akarudi nyuma, akavuta shati akaziba pua.

"Hapa tunapokea madini. Hiyo si madini."

"Ilitoka hapa."

"Ilitoka. Zawadi habarudishe, maman."

"Basi nimwage hapa mbele ya mulango."

Vijana wa pikipiki waliokuwa wanasubiri abiria kando ya barabara wakasikia. "Hapana, mama yetu," mmoja akasema, akiisogeza pikipiki yake. "Hapa batoto yetu banapitaka kwenda ku masomo. Rudisha kwako."

Kumbe wote walijua. Eulalie akasimama kidogo, shingo mbele, akiangalia viatu vyao. Kisha akapanda na gunia lake tena ule mlima, na kona akaijaza.

Maneno yalipozidi, mkutano ulifanyika katika darasa la shule, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na videvu. Blanchard alikuja amevaa koti. Kando yake alikaa bwana mmoja mgeni, injinia aliyeletwa na kampuni, aliyezungumza Kifaransa polepole huku Donatien akitafsiri. Injinia alisema ule moto usioonekana uko kila mahali, katika mawe, katika jua. Akasema hata ndizi inao.

"Tunakula ndizi tangu babu," Pascaline akasema kutoka nyuma, "na mpakani ndizi haijaliza mashine."

Watu wakacheka. Injinia akasubiri kicheko kiishe, akaangalia saa.

Blanchard akasimama. "Bandugu, na miye niko muzazi. Niko na mutoto wa kunyonya kama banyinyi. Naweza kuwaletea kitu mubaya?" Akakunjua karatasi, picha iliyokuzwa kama kalenda ya ukutani. Wanawake, jogoo, dumu, meno yote nje. "Mutu anashukuru kitu yenye alilazimishwa? Muliomba, tukatoa, mukashukuru. Benye banasema mubaya, ni batu ya radio, batu ya fujo."

Eulalie alijiona katikati ya picha ile, anacheka.

"Nani ana swali?" akauliza Donatien, na macho yake yakapita juu ya vichwa vyote, yakatua juu ya Eulalie, yakakaa hapo. "Nani ana muchanga mu nyumba?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwa Eulalie. Aliona parcelle, tundu chini ya ukuta, beseni juu ya meza. Akalimeza. Na wanawake wengine, kila mmoja akiwa na sakafu yake, wakaangalia vidole vyao.

"Basi hakuna shida," Donatien akasema, na injinia akafunga mkoba.

Juma lililofuata walikuja wanaume na vigingi na kamba ya kupimia, wakaanza kupigilia kwenye pembe za kiwanja bila kupiga hodi. Donatien alikuwa mbele. Blanchard alibaki kwenye mawe ya njia, asichafue viatu. Clémence alikuwa nyuma yao na karatasi zake, glavu mikononi.

"Maman," alisema Donatien, "tulifikiri muzuri. Ile magunia ilibakia ku depo haiwezi kukaa karibu na barabara, batu banaogopa. Na hapa kwako mashine inaliaka tayari. Kuharibisha fasi ingine ya pili, ni akili? Batapanga magunia hapa, batamwaga béton ya saruji juu, itaisha."

"Ulisema nikinyamaza..."

"Nilinyamaza. Mashine njo haikunyamaza."

"Na sisi tuende wapi?"

"Uko na ndugu ku kijiji ya Miti."

"Alikufa."

"Pole," Donatien akasema, na ilionekana alimaanisha. "Basi mutaona."

Rosette alitoka na mtoto mgongoni, beseni la nguo kichwani, akasimama chini ya ukingo wa bati. Mvua ilikuwa inakaribia; upande wa ziwa palikuwa pameshakuwa peusi. Na njiani, chini, wanawake walikuwa wanapanda kwa mstari mmoja, shingo mbele, kamba kwenye paji, kila gunia na rangi nyekundu tumboni. Wa kwanza alikuwa Pascaline. Alipofika kwenye kigingi alitua mzigo wake taratibu, akabaki ameinama hata mzigo ulipokwisha toka mgongoni.

"Dada yangu," alisema kwa viatu vya Eulalie, "batoto banalia njaa."

Eulalie alimsaidia kutoa kamba, kwa sababu ndivyo wafanyavyo wao kwa wao. Halafu akashuka mpaka kwenye mawe alipokuwa amesimama Blanchard, karibu kuliko alivyowahi kumkaribia mtu wa koti, na kwa mara ya kwanza akamwangalia usoni badala ya miguuni.

"Chef, siku ile ku mukutano, baliuliza nani ana swali. Nilikuwa nalo."

"Mukutano iliisha, maman."

"Nilitaka kusema: leta mutoto wako wa kunyonya alale pale."