Misuko Mitatu

Kwenye televisheni, mwanamke alikuwa akimsuka maiti nywele, misuko mitatu, kama wasukwavyo wanawake kabla ya kuvishwa sanda. Kheiria alitazama huku chai ikipoa mkononi. Mwanamke yule alikuwa yeye mwenyewe, ameigizwa na mtu asiyemjua. Maiti alikuwa mwanawe, aliyezaliwa Muatasim akajiita Noof, jina la kike, akazificha nywele zake ndefu chini ya kofia, hadi vijana waliokuwa wakifuturu nyumbani kwa Kheiria, mtaa wa Al Khoudh mjini Maskati, walipomvua kofia hiyo ufukweni Azaiba, wakampiga mpaka akafa.

Filamu ilikuwa ya kwanza ya binti yake, Rawan, naye hakutaka kuipeleka kwenye tamasha ng'ambo bila ya idhini ya mama.

"Mie sikumsuka," Kheiria alisema. "Walimkosha wanaume. Nlikaa chumbani nkisikia maji."

"Najua, mama."

"Ami yako ataiona hii. Watasema nlimzika mwanamke."

"Ukitaka, nnaikata sehemu hii. Lakini sina mwisho mwengine."

Aibu ni mzigo; aliyeubeba muda mrefu huudhani sehemu ya mgongo wake. Tangu msiba Kheiria alijiambia kwamba alifuata sharia, na kweli aliifuata, ila siku ile hakuomba hata kumwona. Alichelea macho ya watu, akamwacha mwanawe aende bila ya buriani, na hilo ndilo lililokuwa likimla moyo.

Akairudisha picha nyuma, akaitazama tena mikono ya mwigizaji.

"Huyu hajui kusuka. Anavuta. Nywele zile zilikuwa laini, zataka mkono mwepesi." Akakiweka kikombe chini. "Udogoni nlikuwa nkimsuka, baba yenu akenda kazini. Mtoto akija mwenyewe na kitana."

Rawan hakuwa akilijua hilo. Machozi yakamtoka.

"Mwite kesho yule msichana aliyeigiza maiti," mama alisema. "Uso wangu usiuoneshe. Mikono tu."

Alasiri ya siku ya pili yake, Aseel, mwanafunzi aliyemwigiza Noof, alilala kwenye mkeka, kafumba macho. Kheiria alijipaka mafuta viganjani, akaanza. Msuko wa kwanza ukaisha, na wa pili. Wa tatu ulipofika nchani akasimamisha mkono, kwani baada ya huo ni sanda tu. Akaufumua, akauanza upya.

"Imetosha, mama," Rawan alisema taratibu. "Kamera nshaizima."

"Nimesikia," alijibu Kheiria, akaendelea kusuka.