Uzi wa Pamba wa Eufrosina

Pale San Felipe, mji wa wavuvi kando ya ghuba, hata asiyempenda Eufrosina Ceseña alikiri kwamba hakuna anayemfikia kwa kufuma nyavu. Kwa miaka thelathini na tano alimalizia kila wavu kwa mizunguko mitatu ya uzi mwekundu pembeni, kisha akatangaza mbele za watu kwamba wavu huo utamzika mwenye nao. Hakuwa mtu wa kujishusha. Ajishushe kwa lipi?

Ndiyo maana ushirika wa wavuvi ulipomtuma shemeji yake, Librado, amwombe atengeneze madema, ile mitego ya samaki yenye umbo la kikapu, nusura amfukuze. Majarife, zile nyavu kubwa za kutega samaki, yalikuwa yamepigwa marufuku kwa ajili ya vakita, yule pomboo mdogo wa ghuba yao mwenye macho kama yaliyopakwa wanja, ambaye hunasa wavuni akafa kwa kukosa pumzi. Dema halimnasi. Hilo Eufrosina alilielewa vizuri. Kilichomchoma ni sharti moja: mlango wa dema ushonwe kwa uzi wa pamba, ili likipotea baharini uzi uoze, mlango ufunguke na kilichomo kitoke.

"Uzi unaooza?" akamuuliza. "Yaani unakuja kunitukana nyumbani kwangu, tena huku unakunywa kahawa yangu?"

Librado akacheka, akamaliza kahawa yake na kwenda zake. Siku hizo alikuwa nahodha wa boti inayoopoa nyavu zilizopotea chini ya bahari.

Jumanne iliyofuata boti hiyo ilirudi mapema, na watu wakajaa ufukweni. Ndani ya jarife waliloliopoa kulikuwa na vakita mchanga, amekufa, urefu wake haupiti mkono wa mtu mzima. Wanaume walivua kofia. Vakita waliobaki ghuba nzima walihesabika kwa vidole, na sasa amepungua mmoja.

Eufrosina alijipenyeza mbele. Mazoea ni mazoea, kwanza alitazama wavu. Hakuna hata jicho moja lililokatika, na kwa sekunde moja akaona fahari. Kisha akauona uzi mwekundu ukichungulia chini ya buti la Librado. Lilikuwa jarife la marehemu mumewe, Nabor, lililopotea kwenye dhoruba miaka minne nyuma.

Librado alikuwa ameshauona, ndiyo maana alisimama pale. Waopoaji wana desturi yao: wavu ukitoka majini, hakuna anayeuliza ni wa nani. Hukatwakatwa, basi.

"Nenda nyumbani, shemeji," akamnong'oneza. "Hakuna aliyeuliza."

Angeweza kwenda. Jina lake lingebaki pale pale lilipokuwa, juu ya mafundi wote. Lakini alimtazama yule mtoto wa vakita, akaona aibu ya kuondoka ingekuwa kubwa kuliko ya kubaki.

"Toa mguu wako," alisema, kisha akapaza sauti wote wamsikie. "Wavu huu ni wangu. Niliwaambia hautakatika, na mnaona wenyewe, haukukatika. Nabor aliupoteza, lakini mikono iliyoufuma ni hii."

Aliomba kisu, akaketi mchangani na kuukata mwenyewe, fundo kwa fundo, hadi adhuhuri ikapita. Waliotaka kumsaidia aliwafukuza. Kila fundo lilimsumbua kwa jinsi lilivyofungwa vizuri, naye akalilaani.

Kesho yake aliingia dukani kutafuta uzi wa pamba, akagombana na muuzaji kwa sababu alitaka ule unaooza sawasawa, si wa kubabaisha. Aliloweka vipande ndooni kwa maji ya bahari, na kila Jumamosi akavivuta kuona vimefikia wapi. Aliporidhika, aliupaka uzi rangi nyekundu na kushona milango ya madema, mizunguko mitatu kila mmoja.

Desemba, mkondo ulichukua dema moja. Machi Librado alilikuta mbali kaskazini, akalileta hadi uani kwa Eufrosina, mbele ya majirani. Lilikuwa limeota chaza, mlango wazi, ndani hamna kitu.

"Shemeji," alisema, "kazi yako imeoza."

Eufrosina alipapasa ukingo wa mlango. Palibaki kiuzi chekundu, nacho kikamkatikia vidoleni. Alitabasamu mpaka machozi yakamtoka, akaagiza ngazi.

Dema lile bado linaning'inia juu ya mlango wake wa barabarani. Anayeuliza kwa nini fundi mkubwa ametundika kitu kibovu huambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi bora aliyowahi kuifanya, na kama hajui kutazama, apite.