Kiganja cha Kadogo

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimefundisha darasa la pili kwa miaka mingi, na kuna siku nilikuta nyoka kwenye kabati la chaki nikamtoa kwa fagio huku watoto wakiendelea kunakili ubaoni. Kwa hiyo fundi rangi alipokuja mlangoni kwangu, brashi mkononi na uso umemshuka, nilikuwa tayari kumcheka.

"Mwalimu, kile kiganja kimerudi," alisema.

"Fundi, sema umezidisha maji kwenye chokaa. Usimsingizie marehemu."

Watoto walicheka. Lakini neno lenyewe lilinichoma mara tu liliponitoka, kwa sababu marehemu alikuwa mtoto wa kaka yangu.

Tulimwita Kadogo. Nyumbani nilikuwa shangazi, shuleni nilikuwa mwalimu, na siku alipojisahau akaniita shangazi mbele ya wenzake, darasa zima liliangua kicheko naye akajifunika uso kwa daftari. Mwaka jana aliamka asubuhi moja na homa. Mama yake akamsugua mafuta mwili mzima na kumwambia alale, yeye akang'ang'ania kuja shule. Katikati ya somo aliomba ruhusa atoke. Akafika barazani, karibu na mlango wa jiko, akashika ukuta asianguke. Mama yake, ambaye ndiye mpishi wa shule, alitupa mwiko akamuwahi. Kadogo hakusimama tena kwa miguu yake, na wiki haikuisha tukawa tumemzika.

Pale ukutani kikabaki kiganja cha mafuta, kimenasa vumbi jekundu la uwanjani. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda, maana kiliwahi kubanwa na mlango wa stoo kikaunga vibaya.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, wifi yangu alikuwa anakwenda kusimama pale na kuweka mkono wake juu ya kile kiganja kidogo. Halafu anajifunga kanga vizuri na kwenda kuchota maji. Hatukumwona akilia. Mwalimu mkuu alipomwomba gauni la shule la Kadogo ampe mtoto mwingine asiye na sare, alisema hapana, akaendelea kuosha masufuria. Mimi na wifi tumetaniana tangu aolewe, hatuachani hata msibani, lakini kwa hilo la ukutani sikuthubutu kutia neno.

Kisha tukatangaziwa wageni. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema, ila akisikia wageni wanakuja, akili zake zote zinahama. Walikuwa wanakuja kuangalia kama tunastahili kujengewa madarasa mapya. Basi yakapakwa chokaa mawe ya njiani, zikapakwa nguzo za goli, na fundi rangi akaambiwa shule nzima ing'ae.

Wifi alinifuata darasani, unga umemtapakaa mpaka kwenye viwiko.

"Wifi, niombee kwa mkubwa wako. Wapake kila kitu, hata masufuria yangu wakitaka. Ila pale paachwe. Sina kingine chake kinachoonekana."

Nilikwenda. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akakuna kichwa, akasema wageni wataona ukuta mchafu.

"Wataona kiganja cha mtoto shuleni," nikamwambia. "Ajabu iko wapi hapo?"

Hakukubali. Ukuta ukapakwa. Siku hiyo uji uliungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu wifi aanze kazi, na watoto wakaunywa hivyo hivyo bila kulalamika.

Chokaa ilipokauka, kiganja kikajitokeza. Hapo ndipo fundi alipokuja mlangoni kwangu, ila hata yeye bado hakuamini kwamba kuna la ajabu. Alinieleza kwamba mafuta ni mabishi, chokaa haiyashiki, na akaukwangua ukuta, akausugua kwa sabuni, akapaka upya. Kikarudi. Akabandua lipu yote pale, akapiga saruji mpya, akailainisha vizuri mpaka ikapendeza. Asubuhi tulikikuta juu ya saruji, chekundu, kidole kimepinda. Fundi alikitazama, akakitazama tena, akaondoka. Hakurudi hata kuchukua ngazi yake.

Habari za hivyo hazina miguu lakini zinakimbia. Wazazi wakaanza kusimama getini. Wengine walikuja kuwachukua watoto wao saa za masomo. Watoto waliobaki hawakutaka kwenda jikoni, na wifi akawa anapika sufuria zima la uji, anakaa nalo mpaka uji unaganda. Kisha midomo ikamgeukia yeye. Wakasema ni yeye anayepaka mafuta pale, anawatisha watoto wa wenzake kwa uchungu wake. Ukaitwa mkutano uwanjani, na mwenyekiti wa kamati ya shule akasimama.

"Mama, tunakuonea huruma, Mungu shahidi. Lakini jiko tutampa mtu mwingine. Na ule ukuta tutauvunja."

Wifi alisimama pole pole. "Sijakigusa tangu kilipopakwa," alisema. "Naogopa nikikigusa kitafutika. Jiko lichukueni. Ukuta niachieni, nawaomba."

Mori ulinipanda. Hasira yangu haina breki, wanaonijua wanajua.

"Mnasema ni yeye? Basi tukapime!"

Nilimshika wifi mkono, nikamvuta mpaka barazani, watu wote nyuma yetu. Nikakiinua kiganja chake, kile kiganja kipana cha kukorogea masufuria ya shule, nikakisogeza karibu na alama. Kiliimeza yote.

"Mwenye macho aone," nikasema.

"Basi ni mtoto fulani anatuchezea," akajibu mwenyekiti, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Hapo ndipo Chiriku alipojipenyeza katikati ya watu. Chiriku ndiye aliyekaa dawati moja na Kadogo, na jina hilo alilipata kwa kutonyamaza. Wale wawili, kila nilipogeukia ubao, walikuwa wanapimana viganja chini ya dawati kuona nani mkubwa. Nimewagombeza kwa hilo mpaka nikachoka.

"Kadogo hakunifikia," alisema Chiriku. "Vidole vyake vilikuwa vinaishia hapa." Akatuonyesha chini ya kucha zake.

Akaweka kiganja chake juu ya kile cha ukutani. Chiriku amerefuka sana mwaka huu, hata viatu vya mwaka jana havimwingii. Lakini wekundu ulichomoza pande zote za mkono wake, na juu ya kila kidole chake kulikuwa na ncha nyingine.

"Amenipita," alisema, amenuna kidogo, kama mtoto aliyeshindwa mchezo.

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Mwalimu mkuu alivua kofia. Mwenyekiti aliwaambia watu waende nyumbani, hakutaja jiko wala ukuta, na watu wakaondoka bila kuagana. Wageni walikuja baadaye, wakapigwa picha upande wa pili wa shule.

Mimi nilikuwa namtazama wifi. Nilifikiri ataanguka. Alikuwa anakiangalia kile kiganja kwa utulivu, kama anavyoangaliwa mtoto aliyerudi kutoka likizo kwa bibi yake, kisha akanigeukia.

"Wifi, nyumbani una pini?"

Nilimfuata kwake nazo jioni ile ile, jua halijazama. Alikuwa amekaa mlangoni, gauni la shule la Kadogo mapajani. Alikuwa anafumua upindo. Alikuwa amemwagiza mshonaji auache mrefu, maana mtoto anakua na sare haidumu, na kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani kilikuwa bado cha buluu iliyoiva, hakijawahi kuona jua wala sabuni.

"Atakuwa anaona haya," alisema. "Msichana mkubwa na nguo fupi."

Ningeweza kumwambia aache. Mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye ninayecheka kila kitu, na kaka yangu alikuwa ndani akikohoa ili nimsaidie kusema. Lakini nilitoa pini. Nilimpenda yule mtoto, na nilikuwa nimechoka kujifanya sikumsubiri.

Wifi alisimama, akalinyanyua gauni kwa kulishika mabegani, akalipima mbele yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Akalishusha kidogo. Akaangalia chini, kwenye magoti.

"Hapo," aliniambia.

Nikapiga magoti nikaweka pini pale pale aliponionyesha, taratibu, nisije nikamchoma.