Magunia ya Mlangoni

Mwaka 1998 nilikuwa mpakiaji katika ghala moja la Houston. Asubuhi moja iliingia faksi kutoka bandari ya kisiwa kidogo cha Karibiani tulichokuwa tukikipelekea mchele: kreni hawana, na forklifti yao pekee ya kunyanyulia mizigo imeharibika. Mwita, msimamizi wetu, aliisoma akaitia mfukoni.

"Kazi yetu ni kupakia," alisema. "Kushusha watajua wenyewe."

Neno hilo lilinikera. Nilikata plastiki iliyofunga magunia ya mchele kwenye paleti, zile mbao zinazobebwa na forklifti, nikapanga gunia moja moja ndani ya kontena. Ya mlangoni niliyapanga yafike urefu wa bega, ili mtu ageuze mgongo na kulipokea gunia bila kuinama.

Mwita aliporudi, nilikuwa sijafika hata nusu.

"Shuaib, unatuchelewesha. Huko kisiwani una jamaa?"

"Sina," nilimjibu, nikanyanyua gunia jingine. "Lakini baba yangu alikuwa hamali bandarini Mombasa. Miaka yake ya mwisho mikono yake haikuinuka tena, na kila asubuhi mie ndiye niliyemfunga vifungo vya shati."