Maharage ya Mzee Thobias

Habari hii ni kweli tupu, kichwa hadi mkia. Anayeisimulia ameweka rehani jogoo wake mwekundu: likipatikana neno moja la uongo, jogoo aende na aliyelikamata.

Ijumaa ile, kwenye ofisi ya jumuiya ya maji upande wa Bugarama, walikuwa wanamuaga Mzee Thobias, fundi bomba. Soda zilikuwepo, maandazi yalikuwepo, na mtaalamu kutoka mjini alikuwepo na karatasi lake ukutani: visanduku vinne vilivyounganishwa kwa mishale. Alieleza kwamba mtu akistaafu huondoka na maarifa kichwani, taasisi ikabaki debe tupu. Dawa ni kuyatoa mapema.

Deodata, mtunza stoo, alipiga makofi kwa moyo wote. Yeye anakaa kilimani, na kila kiangazi kuna koki moja iliyofukiwa ambayo isipozungushwa kilima kizima kinakauka. Aliyejua ilipo ni Thobias peke yake.

"Funga macho, mzee. Kumbuka," alisema mtaalamu.

Thobias akapiga chafya. Haragwe likadondoka kutoka sikio la kulia, likafuatiwa na jingine, mpaka ikajaa nusu ndoo. Mtaalamu akatia alama ya vema kwenye kisanduku cha kwanza. Meneja Erasmus naye alijaribu, awe mfano kwa wafanyakazi. Alijikamua mpaka shati likalowa. Likatoka ganda, tena tupu.

Mzee Thobias alishukuru, akasema kichwa kimekuwa chepesi, akauliza njia ya kwenda kwake.

Maharage yakawekwa kwenye ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye kufuli. Ufunguo Erasmus akauvaa shingoni pamoja na rozari.

"Meneja, tuchanganye majivu," alisema Deodata. "Bila majivu hayafiki kiangazi."

"Deodata! Hii ni hifadhi ya maarifa, siyo ghala la mama yako."

Kiangazi kikaingia, kilima kikakauka. Deodata akaenda kuomba.

"Nipe kikombe kimoja nichemshe. Nikila nitajua koki ilipo."

"Na ukishakula, jumuiya itabaki na nini?"

"Na maji."

"Maji siyo maarifa," alisema Erasmus.

Deodata akapitia kwa mzee. "Shikamoo, Mzee Thobias. Koki ya kilimani iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Koki ndiyo nini?"

Huko ndooni fukusi walikuwa wameshamaliza kazi. Maharage yalibaki matundu na unga. Wakatoka kwa mstari kupitia tundu la kufuli, bila haraka, kama watu wanaojua wanakokwenda. Kuku wa Deodata, aliyekuwa akidonoa barazani pa ofisi, akawala wote.

Kesho yake kuku alilisogelea bomba la ofisi, akaligonga kwa mdomo, akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akakohoa, kikohozi kilekile cha Thobias akiwa kazini, akaanza kulifuata bomba kuelekea kilimani. Deodata akachukua jembe, akamfuata nyuma.

Getini wakamkuta Erasmus.

"Simameni hapo! Kuku huyo amebeba mali ya jumuiya."

"Kuku ni wangu, meneja."

"Nyama ni yako. Kilichomo ni chetu."

Kuku akafungiwa kwenye tundu la chuma ofisini, kwa ufunguo uleule. Erasmus alimpiga picha, akamtumia mtaalamu, naye akajibu kwa pongezi: sasa visanduku vyote vinne vimekamilika. Watu wa kilimani waliendelea kuteka maji kwenye chemchemi ya bondeni.

Mwishowe Erasmus akaona aibu, akafungua tundu, akamwomba Deodata radhi.

Msimulizi alipofika hapo katika habari yake, akiwasimulia waliopanga foleni ya maji pale pale chemchemini, Deodata alikuwa amekalia dumu lake akisikiliza. Akanyoosha mkono.

"Hapo umedanganya, baba."

"Wapi? Kwenye fukusi?"

"Fukusi niliwaona. Maharage niliyaokota kwa mikono yangu. Lakini Erasmus kuomba radhi?"

Foleni nzima ikacheka, ikasema hilo haliwezekani, duniani hakuna kitu kama hicho. Msimulizi akaangalia huku na huku, hakuna wa kumtetea.

Jogoo akakamatwa. Deodata akambana kwapani, akajitwisha dumu, akashika njia ya kilimani.