Upande wa Pili wa Mita

Saa mbili asubuhi fundi bomba alitandaza gunia mlangoni pa jikoni akapanga vifaa vyake: spana mbili, msumeno wa chuma, bisibisi, koleo. Mama Hakiki alivihesabu kwa macho, na fundi alipogeuka akavihesabu tena. Si kwamba vilikuwa vyake. Ni mazoea tu. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu alionja chumvi dukani kabla ya kuinunua, asije akauziwa kitu kingine.

Kwa miaka miwili alikuwa amemshuku kila mtu kwa ajili ya binti yake, Kitinda. Mtoto alijifunza jambo leo, kesho limeyeyuka. Mama alimshuku mwalimu, akamshuku aliyeketi naye dawati moja, akamshuku jirani wa kushoto ambaye salamu zake zilizidi kipimo. Maji ya nyumbani hakuyashuku hata siku moja. Aliyaonja mwenyewe na kuyasifu. Ndipo daktari alipopima damu ya mtoto akasema ina risasi, yale madini mazito ya kijivu, akauliza bomba la nyumba lina umri gani.

Kufikia saa nne mtaro ulikuwa umetoka jikoni hadi langoni, kwenye mita ya maji. Fundi alilikwaruza bomba kwa bisibisi, likang'aa.

"Ndilo lenyewe hili," alisema.

"Hukulibadilisha nilipoingia ndani kuchukua chai?"

"Mama, bomba la urefu huu ningelificha wapi?"

Alifunga koki, akaanza kukata. Meno ya msumeno yalipopenya, bomba likasema. Lilisema kwa sauti ya Kitinda, bila haraka, jedwali la kuzidisha la saba na la nane, pasipo kukosea. Likataja mifupa ya mkono, kisha majina ya wasichana wote wa darasa lake, ambayo mwaka jana yalikuwa yamemtoka moja baada ya jingine.

Mama Hakiki aliinama akachungulia kwenye tundu. "Hamna redio humu?"

"Hamna. Mabomba ya risasi ndivyo yalivyo, yanatunza. Ya chuma hayana neno."

"Basi liache limalize."

Mama mkwe wake alikuwa ameketi ngazini akichambua maharage. Fundi alipokata kipande cha katikati, kilichokaa ardhini muda ule ule lakini kilichomeza maneno ya zamani zaidi, sauti ilikuwa ya mvulana. Ilisoma insha nzima juu ya mto, kwa ufasaha. Mama Hakiki hakuitambua, maana yeye alimfahamu marehemu mumewe akiwa tayari mtu mzima, mbeba mizigo aliyetia dole gumba kila palipohitajika saini. Bibi aliitambua. Aliweka ungo chini.

"Kwa insha hii nilimchapa viboko," alisema. "Aliniambia jana yake alikuwa anaijua. Nikamwita mwongo."

Bomba liliendelea hadi nukta ya mwisho.

Fundi, akitaka kumliwaza, alieleza kwamba mabaya zaidi huwa ni maji yaliyolala bombani usiku kucha. Yanayotoka kwanza asubuhi ndiyo yenye madhara makubwa, yanayofuata yana nafuu. Wanawake wale wawili hawakutazamana. Katika nyumba ile kikombe cha kwanza cha asubuhi, kwa ubaridi wake mzuri, kilikuwa haki ya mtoto mdogo kuliko wote. Bibi alikianzisha kwa mapenzi, Mama Hakiki akakirithi kwa mapenzi. Yeye aliyeonja hata chumvi ndiye aliyemshikia mwanawe kikombe kila kulipokucha. Iliuma. Iliendelea kuuma alipokuwa akimmiminia fundi chai.

Saa saba alifika afisa wa idara ya maji na fomu yake. Alilisikiliza bomba kidogo, kalamu sikioni, kisha akasema vipande vyote vilivyochimbuliwa atavichukua.

"Na maneno yaliyomo?"

"Fomu haina mahali pa maneno."

"Ni ya mwanangu."

"Kilichomo ndani ya bomba, mama, huenda na bomba."

Mama Hakiki alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akaonyesha shimoni. Upande wa pili wa mita, bomba linalokwenda barabarani lilikuwa la kijivu vilevile.

"Na hili?"

"Kuanzia mita kwenda nje ni letu. Wewe shughulika na lako."

"Basi libadilisheni."

"Halijalalamika."

Hapo alisema kweli. Bomba la barabarani lilikuwa limenyamaza, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Fundi aliunganisha bomba jipya la plastiki na lile la zamani, akafukia, akakusanya vifaa. Afisa alipakia vipande garini. Gari lilipokata kona, baba na binti walikuwa bado wanasoma, kila mmoja la kwake.

Mama Hakiki alianza kuyaacha maji yatiririke kwa muda mrefu asubuhi kabla ya kukinga. Ilisaidia kidogo. Maji mengine hayakuwapo. Nyumba zote za mtaa zilinyweshwa na bomba lile lile la barabarani. Wiki ya pili Kitinda alilaza sikio kwenye kifuniko cha mita akasikia somo la siku ile ile, lililokuwa limemtoka tangu adhuhuri. Aliandika yote. Kazi zake za nyumbani zilipata alama kamili, za darasani sifuri, na mwalimu akaanza kumshuku kuwa anaandikiwa. Mama Hakiki alipeleka malalamiko idarani. Afisa alikuja, akapiga magoti, akasikiliza, akaandika kuwa bomba linafanya kazi vizuri na lina manufaa kwa wanafunzi.

Alipomsindikiza afisa hadi nje ya lango, Mama Hakiki alitazama huku na huko barabarani. Ilikuwa saa kumi na moja. Mbele ya kila nyumba mtoto alikuwa amelala kifudifudi kwenye kifuniko cha mita, daftari mkononi, akiandika haraka haraka kabla somo halijamtoka tena.