Kibao cha Mzee Luan

Kwetu Linqing, mji wa China ulio kando ya Mfereji Mkuu, mtu asiye na shamba wala duka, aishiye kwa ulimi na akili zake, husemwa kwamba anakula chakula cha mitoni na maziwani. Wanaosemwa hivyo ni wasimulizi, wapiga ramli, wacheza sarakasi na wauza plasta za ngozi ya mbwa, dawa ya kubandika mwilini. Mimi, Pang Yunqing, nimekula chakula hicho miaka arobaini na mmoja. Wenye mashamba hutuita walala upepo na wanywa umande, wakidhani kwamba hatuna sheria. Tunazo. Naandika habari hii kwa sababu niliishika sheria moja barabara, nikamwangamiza mtu kwayo.

Mzee Luan Deshan alifika mwezi wa kumi wa kalenda yetu, mfereji ulipokuwa umeanza kuganda kingoni. Alikuja na mkewe, kipofu, mwenye kikohozi kibaya. Mama Cui, mwenye nyumba ya chai karibu na lango la mfereji, alipatana naye kwa maneno machache: maadamu Mzee Luan anasimulia hadithi mbele, mkewe atalala chumba cha nyuma, penye ukuta wa jiko, hadi majira ya kuchipua. Yeyote aliyekisikia kikohozi kile alielewa kwamba ukuta ule wa joto ndio uliokuwa uhai wa mama yule.

Desturi humtaka msimulizi mgeni aanze kwa kulisalimu gati, yaani kuwatembelea wenyeji wa kazi yake na kunywa nao chai. Mzee Luan hakunitembelea. Baadaye nilisikia kwamba siku tatu za kwanza hakuondoka kando ya mkewe. Lakini wakati ule sikuuliza, wala sikutaka kujua.

Sitaficha jambo la pili. Viti vyangu vilikuwa vitupu. Nilisimulia katika nyumba ya chai ya ng'ambo ya barabara, na wasikilizaji wangu walihamia kwa mgeni mmoja mmoja, wa mwisho akiwa kinyozi Hao, ambaye hata kuaga kwake kulikuwa kejeli.

"Usinichukie, Mwalimu Pang," alisema. "Jenerali wako amepanda farasi tangu juzi na hata lango la mji hajatoka. Wa Mzee Luan kashakata vichwa vitatu, na supu kashakunywa!"

Kesho yake mchana niliingia kwa Mama Cui, nyumba ikiwa imejaa hadi mlangoni. Mzee Luan alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, na juu ya meza vilikuwapo vitu vitatu ambavyo msimulizi hana kazi bila hivyo: pepeo la kukunja, kitambaa, na kibao kidogo cha mti mgumu kinachogongwa mezani ili watu wanyamaze. Kibao chake kilikuwa cheusi, kimelainishwa na mikono ya miaka mingi. Nilikwenda moja kwa moja hadi mezani, nikakifunika kibao kwa kitambaa, na juu ya kitambaa nikalaza pepeo.

Hata wapagazi wa mferejini walijua maana yake. Msimulizi akifunikiwa kibao, hana budi kukariri mashairi ya chama chetu na kuvifunua vitu vile kwa namna aliyofundishwa na mwalimu wake. Akiweza, aliyemfunika husimulia badala yake siku ile na kumwachia mapato yote. Akishindwa, huonekana kuwa mwizi wa kazi asiye na mwalimu. Hunyang'anywa vitu vyote vitatu, wala hakuna nyumba ya chai itakayompokea katika mfereji wote.

"Kaka mkubwa," nilimwambia, "umetoka gati gani?"

"Magati yote, mdogo wangu. Nimeyakimbia mpaka nyayo zimekuwa kwato." Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Ningekuja kukusalimu. Shemeji yako anaumwa."

"Shemeji nitamsalimu baadaye. Fungua kwanza."

Aliyakariri mashairi kwa sauti ambayo nisingeweza kuwa nayo kamwe. Akaliinua pepeo kwa mkono wa kushoto, akakiondoa kitambaa kwa mkono wa kulia. Hadi hapo alifanya kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu, marehemu Miao Jingzhai, ambaye nilimtumikia miaka tisa, nikimchotea maji na kumkanda miguu. Iliyobaki ilikuwa kukinyanyua kibao na kukigonga mezani mara moja.

Mzee Luan hakukinyanyua. Alikigeuza kifudifudi, akakibisha mgongoni kwa fundo la kidole mara tatu, taratibu, kama mtu abishaye mlango wa mgonjwa. Ndipo akakiinua na kukigonga.

"Umekosea," nilisema.

"Sijakosea."

"Mwalimu Miao hakunifundisha hivyo."

Alinitazama, na usoni mwake niliona huruma, jambo ambalo sikulivumilia. "Basi alikuficha," alisema kwa upole. "Nenda kamuulize amebakiza nini."

"Yuko kaburini mwaka wa tatu huu!"

"Hapo siwezi kukusaidia, mdogo wangu."

Katika kazi yetu mwalimu ni baba. Nilisikia marehemu baba yangu akiitwa mnyimivu mbele ya wapagazi na vinyozi, na tangu hapo sikusikia kitu kingine. Nilivitia vitu vyote vitatu katika mkono wa kanzu yangu. Mama Cui alinishika bega.

"Mwalimu Pang, jamani, baridi hii! Na yule mama kule nyuma je?"

"Sheria si yangu, Mama Cui. Ukimweka, hakuna msimulizi atakayekanyaga hapa tena."

Alikuwa mjane, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa riziki yake. Aliniachia bega. Jioni Mzee Luan aliondoka akimkokota mkewe kwa gari la gurudumu moja, na mimi nikarudi kwenye viti vyangu, vilivyojaa tena. Kile kibao cheusi kilikuwa na mlio mzuri kuliko changu. Nikakitumia.

Miaka miwili baadaye nilialikwa kusimulia Jinan. Nilimsalimu msimulizi mkuu wa huko, Dou, kama ipasavyo. Hata hivyo alikuja siku yangu ya kwanza kunifunika kibao, kwa sababu Jinan humfunika kila mgeni. Sikuwa na hofu. Nilikariri, nikainua pepeo kwa kushoto, nikaondoa kitambaa kwa kulia, nikanyoosha mkono kwenye kibao.

Dou aliutangulia mkono wangu, akaweka kidole chake juu ya kibao. "Haya. Endelea."

"Niendelee na nini?"

"Kaka, usinitanie mbele za watu. Kuna jambo moja kabla ya kuinua. Kama hulijui, nipe vitu vyako."

Halafu mkono wangu, kabla ya akili yangu, ukakigeuza kibao kifudifudi na kubisha mara tatu.

Dou aliondoa kidole, akaniinamia. "Mwalimu wako alikupenda kweli," alisema. "Hilo wazee wengi huwaficha wanafunzi, wasije wakawapokonya wali mdomoni. Nani aliyekufundisha?"

Ukumbi wote ulisubiri jina, na kibao kilikuwa mbele yangu, cheusi, kimelainishwa na mikono ya mwenyewe.

"Miao Jingzhai," nilijibu.

Walinipigia makofi. Dou alisimulia badala yangu siku ile na kuniachia mapato, kama sheria isemavyo. Sheria ilitimizwa tena barabara.

Nilivunja mapatano yangu ya Jinan na kwenda kumtafuta Mzee Luan. Nilimpata baada ya siku kumi na moja, kwenye kivuko cha chini ya Liaocheng, amechuchumaa nyuma ya kipande cha turubai, akiuza plasta za ngozi ya mbwa. Hakuwa akipaza sauti kuita wateja. Niliweka kibao, pepeo na kitambaa mbele yake, nikapiga magoti kwenye matope.

"Kaka mkubwa, ulikuwa sahihi."

"Najua," alisema.

"Vichukue. Nitatangaza katika kila nyumba ya chai ya mfereji. Nitasema jina lako."

Alivitazama bila kuvigusa. "Nilikuwa nikimsimulia shemeji yako," alisema. "Hao wengine walikuwa wakisikiliza tu. Hakumaliza mwezi baada ya pale kwa Mama Cui. Tulikuwa kwenye tanuri la chokaa lililozimwa."

Nilivisukuma vile vitu vitatu karibu naye zaidi.

"Ondoa vitu vyako, unawazibia njia wateja," alisema. "Au nunua plasta. Mgongo wako naona umepinda."

"Nipe moja."

"Dawa yangu nzuri sana, Mwalimu. Hutoa maumivu yote."

Aliniambia hayo akinitazama usoni, nasi sote wawili tulijua kwamba ndani ya plasta ile mlikuwa na lami na masizi tu. Nilivua kanzu palepale kwenye baridi, nikainama. Akanibandika plasta mgongoni kwa kiganja, akaikandamiza. Halafu, kwa fundo la kidole, akaibisha mara tatu.